Msimu wa Kuteleza

Dada yangu wa Kabambare hapigi simu ovyo. Kwake mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya soko, na mama wa miaka hamsini na kitu mwenye goti linalotabiri mvua hapandi kichuguu kwa ajili ya salamu. Kwa hiyo ujumbe wake wa sauti ulipoingia mwisho wa Oktoba, niliketi kwanza ndipo nikausikiliza.

"Yaya," alianza (huku kwetu yaya ni kaka mkubwa, wasomaji wa Dar wasidhani nimeajiriwa kulea watoto), "huyu mtoto ananificha jambo. Namuuliza unafanya kazi gani huko Amerika, ananiambia anatengeneza barafu ya mlima. Anaitengeneza usiku. Asubuhi watu wanakuja, wanateleza, wanalipa. Yaya, wewe umesoma. Mtu anafanya kazi usiku, asubuhi watu wanaanguka. Huyo si mchawi?"

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu. Aliondoka kijana wa shule, akakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha akapelekwa Marekani, jimbo la Maine. Anatuma pesa, si nyingi, lakini zinafika. Shida ni kwamba ukoo mzima tulikwisha kuwaambia watu yuko kiwandani. Kiwanda ni neno linaloeleweka. Hata posa yake tuliipeleka kwa neno hilo. Sasa nirudi kwa wakwe niwaambie kijana wenu anapuliza baridi?

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kasongo. Theluji nimeifundisha miaka 26, kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweusi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kurudi kuniambia nilikosea. Lakini kuifundisha ni kitu kimoja na kuwa na ndugu anayeitengeneza ni kingine. Nikanunua yuniti, nikampigia.

"Mjomba," akasema, "huku theluji imechelewa."

"Hata huku mvua inachelewa. Mnangoja."

"Hatungoji. Wenye mlima wamekwisha kuuza tiketi."

Ndipo akanifungulia mambo. Kule kwao mlima una mwenyewe, kama duka. Watu wanapandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, wanashuka wakiteleza juu ya vibao walivyojifunga miguuni, wanapanda tena. Kwenye milima mikubwa tiketi ni zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Nilipiga hesabu, mshahara wangu ungenifikisha juu, sijui ningeshuka na nini. Wanaopenda mchezo huo wananunua tiketi ya msimu mzima mapema, jua likiwa bado linawaka, kwa sababu ndipo inapokuwa rahisi. Na wenye milima wanashindana nani afungue kwanza. Colorado, ambako milima ni mirefu, wapo wanaofungua Oktoba. Upande wa mashariki, Vermont na Maine, nao hawataki kuachwa.

Ila kufungua kwenyewe, msomaji, usidhani ni kufungua. Alinitumia video. Mlima mzima wa kahawia, nyasi zimekauka, miti haina jani, na katikati utepe mmoja mweupe kama shuka ambayo mtu amesahau kuianua. Njia za kushukia ziko mia na zaidi. Siku ya kwanza wamefungua moja. Na juu ya huo utepe watu wamejaa kama siafu kwenye mfupa, wanagongana, wanacheka, wanapigana picha. Nilimuuliza kwa nini wasingoje wiki tatu wapate mlima wote. Akasema akili za namna hiyo zingemfukuzisha kazi.

Nikauliza inatengenezwaje, maana mtaala wangu unasema theluji inatoka mawinguni. Akasema inatoka kwenye mabomba. Maji yanasukumwa mpaka mlimani, yanakutana na hewa iliyoshindiliwa, yanarushwa juu matone madogo kama ukungu, na kabla hayajafika chini yameganda. Sharti kuwe na baridi ya kutosha, na kutosha huko hakupimwi kwa kipimajoto cha kawaida tu. Hewa ikiwa kavu, wanaweza kupuliza hata nyuzi 1 juu ya sifuri. Ikiwa na unyevu, hata sifuri yenyewe haifai, mpaka ishuke chini zaidi.

Hapo nilimwelewa mara moja, bila shahada. Ni mtungi. Mtungi wa mama watoto pale nyuma ya mlango unatoka jasho, jasho linakauka, na linapokauka linaondoka na joto la maji. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, maji yake yanauma meno. Masika, hewa ikiwa imeloa kama kitambaa cha kudekia, mtungi unakata tamaa na maji yanakuwa vuguvugu kama ya mgonjwa. Basi wale wazungu wamechukua mtungi, wakauweka kwenye mlima, wakaufunga na kompresa.

Nisitie chumvi: hivyo ndivyo ilivyoanza kweli. Mwaka 1950, huko Connecticut, watu watatu waliokuwa wakitengeneza vibao vya kuteleza, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, walikuta baridi ipo lakini theluji haishuki, na bila theluji nani atanunua vibao? Wakachukua kompresa ya kupulizia rangi, mpira wa kumwagilia bustani na kichwa cha kunyunyizia, wakapuliza theluji yao wenyewe. Muuza viatu amekosa wateja, akatengeneza miguu. Siku hizi wapo wanaochanganya hata protini iliyotolewa kwenye bakteria, *Pseudomonas syringae*, ili maji yashikane upesi. Huku kwetu tukisikia kuna mdudu kwenye maji tunachemsha.

Kazi ya mpwa wangu ni kuzunguka usiku na taa kichwani, akivuta mipira na kufungua koki. Anasimama chini ya bomba, ananyoosha mkono, anaangalia chembe zinavyoangukia mkono wa koti lake. Zikidunda, mambo mazuri. Zikiganda kwenye kitambaa, maji yamezidi, anakwenda kupunguza. "Mjomba, koti ndiyo maabara yangu," akasema. Nikajisikia fahari kidogo. Mimi maabara ya shule yetu nimeiona mara ya mwisho kabla ya paa kuondoka.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama watoto habari ya maji. Mita ya ujazo moja ya maji inatoa theluji kama mita mbili, mbili na nusu. Ukitaka kufunika hekta moja tu kwa kina cha sentimita 30, andaa mita za ujazo 1,000 na zaidi. Kwa bidoni zetu za lita 20 hizo ni bidoni 50,000. Mama watoto, aliyekuwa amekwisha kubeba sita tangu alfajiri, aliniangalia kwa muda.

"Elfu hamsini. Na wanakunywa?"

"Hawanywi. Wanateleza."

Usiku huo nilikula wali bila mboga, kana kwamba mlima ni wangu.

Na linaloniuma zaidi ni hili: watu wanagandisha mlima, na mtaa wetu mzima una kongelateri moja. Mwenyewe anatunzia humo mchele, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kanzu ya Idi, kwa sababu panya hawaingii. Siku mbili tatu kwa mwaka, karibu na sikukuu au arusi ya mtu mzito, anatoa vyeti, anawasha jenereta, na hapo sisi nasi tunafungua msimu. Watoto wanapita na barafu kwenye mifuko ya nailoni. Unanunua mbio kabla hazijaisha, unafika nyumbani, unakuta pembeni imeshikana kidogo na katikati ni maji matupu. Nilipomsimulia mpwa wangu akacheka, akasema hata kwao siku za mwanzo ziko hivyo hivyo: juu nyeupe, ukikwangua kidogo, tope. Lakini yeye analipwa, mimi nalipa.

Jioni nililipeleka suala hili chini ya mwembe, kwa wazee. Jirani yetu mmoja, muuza vitambaa anayefuata mali Dubai, aliruka juu. Miaka yote amekuwa akisema ameona theluji ndani ya jengo la maduka, watu wanateleza humo, nje jangwa linawaka, na ndani kuna ndege weusi wenye vifua vyeupe wanatembea kama mawakili. Tulimpa jina baya kwa hadithi hiyo. Ikabidi nithibitishe mbele ya wote kwamba kweli Dubai kuna kitu hicho tangu 2005, theluji ya kutengenezwa, na pengwini wapo. Akadai fidia ya heshima: chai ya watu sita.

"Ajabu," akasema mzee mmoja. "Mababu wa hao Waarabu ndio waliokuja huku na akina Tippu Tip. Wakatuletea mchele na embe, wakachukua pembe na watu. Sasa wana theluji pia?"

Mualimu wa msikiti akatukatisha. Alisema theluji si ngeni hapa hata kidogo. Ipo katika dua ya kufungulia sala, mtu anapoomba aoshwe dhambi kwa maji, theluji na mvua ya mawe, na dua hiyo ilisomwa Kasongo kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwaka 1893. Nikamwambia kweli, hata neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Akauliza: basi kwa nini tangu wakati huo haijafika? Sikuwa na jibu. Nikajitetea kwa Ruwenzori, kwamba nchi yetu hii hii ina barafu yake mpakani na Uganda, kilele cha Margherita, mita 5,109, ingawa inapungua kila siku. Nikaongeza Kilimanjaro: mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji pale, kuna wataalamu wa London waliokataa katakata, na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, wakashuka mlima huo huo na vibao miguuni.

"Wazungu," akasema mzee. "Mtu mweusi hatelezi kwa kupenda."

Nikampa Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji wa mbio za kawaida aliyefundishwa vibao Finland akaenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Kilomita 10 kwenye theluji, akamaliza wa mwisho kabisa. Bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amekwisha kushinda zamani, lakini akabaki kwenye mstari akamngoja, akamkumbatia. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mzee alitafakari. "Alisimama kwenye baridi kumngoja wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Sisi hapa wa kwanza kwenye sinia hamngoji hata wa pili." Akavuta sinia karibu.

Basi wiki ya kwanza ya Novemba nikapanda pikipiki kwenda Kabambare, maana mambo ya uchawi hayasafishwi kwa ujumbe wa sauti. Mvua mwaka huu inachungulia tu na kurudi; siku nne mfululizo mbingu ilikuwa kavu, na barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilifurahi. Njia hii ninaijua. Mvua ikinyesha sawasawa wanashusha bariere, magari yanalala, na wewe unalala chini ya magari. Stanley alipita huku Oktoba 1876, kwa miguu, kutoka Kabambare akiufuata mto Luama mpaka Lualaba, na mimi na injini ya Kichina ya cc 125 kuna miaka ambayo sidhani kama nimempita.

Tukafika kwenye kilima kimoja. Motari akapunguza mwendo, akasema "Aa!"

Nyuma yetu, vumbi. Mbele ya kilima, naona kwa macho yangu, vumbi. Lakini kilima chenyewe, mita kama 80, kilikuwa kimelowa, chekundu, kinang'aa kama ini la mbuzi buchani. Utepe mmoja wa tope katikati ya nchi kavu. Nikashuka kuangalia. Kutoka kijitoni kupanda mpaka kileleni kulikuwa na kinjia kipya, na juu ya vumbi la kinjia kile matone, matone, matone, kama mtu aliyebeba bidoni isiyo na kifuniko.

Juu kulikuwa na vijana watano, miti mabegani, na kamba ya mmea imekingamishwa barabarani. Pikipiki franka 2,000, baiskeli 1,000, mtu mwenye mzigo kichwani bure. Kusukumwa ni bei nyingine. Motari akasema hatalipa kusukumwa, yeye ni fundi. Tukapanda. Katikati gurudumu la nyuma likaanza kuimba, pikipiki ikageuka ubavu taratibu kabisa, kwa adabu, na mimi nikaachana nayo. Nilishuka kilima chote kwa makalio, begi la madaftari likiwa kifuani, nikapita jiwe kushoto, nikapita mti kulia, nikasimama pale pale nilipoanzia. Vijana wakapiga makofi. Sitaki kusema uongo: katikati, baada ya jiwe na kabla ya mti, palikuwa na kama sekunde mbili za raha. Sijamwambia mtu.

Kiongozi wao alikuja kuniinua. "Mwalimu!" Kumbe ni mwanafunzi wangu wa zamani. Katika somo la mzunguko wa maji alikuwa amepata nne juu ya kumi.

"Nyinyi mnatengeneza tope," nikamwambia.

"Mwalimu, mvua imechelewa." Alisema bila aibu. "Tungefanyaje? Tuna familia."

"Mnamwaga usiku?"

"Usiku. Mchana jua linakausha kabla tope halijashika. Na si maji tu. Kwanza unalainisha udongo kwa jembe, unamwaga kidogo, unangoja, unamwaga tena. Ukimwaga yote mara moja yanakimbia." Akachukua bonge, akalibana kati ya vidole, akalivuta. "Likikatika, bado. Likivutika hivi, hata gari la tani kumi halipandi."

Niliangalia vile vidole vyekundu nikaona koti la mpwa wangu. Nikalipa 2,000, nikalipa na kusukumwa.

Dada alinipokea kwa bukari, sombe na maji ya kuoga, yote kwa wakati mmoja, maana hakujua aanzie wapi. Nilipokwisha kula nikamweleza kila kitu: mabomba, kompresa, mtungi. Mtungi ulimtuliza. Akaanza kuuliza taratibu, kama hakimu.

"Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena?"

"Siku nzima."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Upepo."

"Chini?"

"Magari yao."

"Na jua likirudi?"

"Inayeyuka yote. Hakibaki kitu."

"Mwaka unaofuata?"

"Wanaitengeneza upya."

Alinyamaza. Nikadhani nimempoteza, kwamba neno la uchawi linarudi. Kisha akapiga paja, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Yaya, kumbe ni kazi nzuri! Kazi isiyoisha! Nani mwingine katika ukoo wetu ana kazi ambayo lazima ifanywe tena mwaka ujao?" Akanitazama kwa huruma, mimi na miaka yangu 26 ya chaki.

Asubuhi akapanda kichuguu, goti na yote, mimi nimemshika kiwiko. Akamrekodia mwanawe: avae sweta mbili, asisimame mbele ya bomba, na hiyo theluji aitengeneze kidogo kidogo, asimalize mlima haraka, wakubwa wasije wakaona kazi imekwisha. Kuhusu wakwe, akaamua mwenyewe: tutasema ni kiwanda cha maji. Si uongo.

Kurudi, nilikuta mambo yamepanda ngazi. Kilima kilikuwa na njia mbili. Ile ya zamani, na mpya iliyochongwa pembeni kwenye majani, nyembamba, yenye kona. Mwanafunzi wangu alikuja mbio kunipokea kama mteja wa siku nyingi.

"Mwalimu, leo tumefungua ya pili! Ile ya kwanza ni ya baiskeli na akina mama. Hii ni ya wanaojua."

"Bei?"

"Tatu. Lakini wewe, kwa vile umetufundisha, mbili na nusu."

Nikahesabu. Krismasi nitarudi kwa dada, Pasaka pia, na katikati huenda pakawa na msiba. Nikamuuliza kama wana tiketi ya msimu mzima, inayolipwa mapema, kwa bei nafuu.

Akasema ningoje kidogo. Akawaita wenzake wanne, wakaweka miti chini, wakaenda pembeni kushauriana.